Stima Inapoyumba: Namna ya Kuihifadhi Nyumba na Vyombo Vyake



Wapenzi wasomaji, katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) yamo mambo ambayo msikilizaji mwenye haraka huyadhania madogo. Mojawapo ni agizo la kuzima taa kabla ya kulala, kwa kuwa panya aweza kuuvuta utambi na kuwatia moto wenyeji hali wamelala. Tumesoma pia kwamba nyumba moja mjini Madina iliungua usiku pamoja na watu wake, na habari hiyo ilipofikishwa kwa Mtume (S.A.W.), watu walikumbushwa kuwa moto ni adui. Leo utambi umegeuka waya, lakini panya ni yule yule. Hutafuna ngozi ya waya juu ya dari, na cheche zikaangukia makuti au mbao kavu. Adui hajabadilika. Kilichobadilika ni mlango anaoingilia.

Juma hili tumechagua kuizungumzia stima ya nyumbani tukiitazama Modogashe, mji ulioko mpakani mwa kaunti za Garissa na Isiolo, katika njia iendayo Wajir na Mandera. Wengi katika sisi watu wa pwani tuna jamaa, wakwe na wanafunzi wenzetu wa madrasa waliotawanyika katika miji ile ya kaskazini mashariki. Aidha, tatizo lao si geni kwetu. Mradi wa serikali wa kupeleka umeme wa jua katika maeneo yaliyo mbali na gridi, uliopata idhini ya Benki ya Dunia mwaka 2017, ulizikusanya kaunti 14, na ndani yake zimo Garissa, Wajir na Mandera pamoja na Lamu, Tana River, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Basi asomaye haya akiwa Faza au Kiunga asidhani kwamba anasimuliwa habari za watu wengine.

Kwa nini stima huyumba

Stima ya nyumbani nchini Kenya imepangwa iwe ya volti 240. Lakini kupangwa ni jambo moja, na kufika ni jambo jingine. Umeme unaposafiri katika waya mrefu hupungukiwa nguvu njiani, mfano wa maji yapitayo katika mpira mrefu mwembamba. Nyumba iliyo karibu na transfoma hupata haki yake, ilhali ile ya mwisho wa mstari hupata mabaki. Saa za magharibi, hasa katika mwezi wa Ramadhani, kila nyumba huwasha taa, feni, friji na blenda kwa wakati mmoja, nazo volti zikateremka. Usiku wa manane watu wakizima, volti hupanda tena.

Miji mingi ya kaskazini kwa miaka mingi ilitegemea vituo vya jenereta za dizeli vinavyojisimamia. Habaswein, ulio mbele ya Modogashe katika njia hiyo hiyo ya Wajir, ni miongoni mwa miji ambayo kituo chake kilichanganya dizeli, jua na upepo. Kituo kidogo ni kama ngalawa: abiria mmoja mnene akihama upande, wote huhisi. Mashine ya kusaga ikiwashwa, taa za mji hufifia, nayo ikizimwa, hung'aa kupita kiasi. Hata palipo na gridi ya taifa mambo hayakunyooka kabisa. Kituo cha jua cha Garissa chenye megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019, ni neema kubwa, lakini jua likizama nacho hulala. Na usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 takriban nchi nzima ilishikwa na giza.

Iko sababu nyingine ambayo wachache huijua, nayo ndiyo iunguzayo vyombo vingi kwa pigo moja. Mistari ya mitaani aghalabu ina nyaya tatu zenye moto na waya mmoja wa kurudishia, ambao mafundi huuita nyutro. Kati ya waya wenye moto na nyutro pana volti 240, lakini kati ya nyaya mbili zenye moto pana volti 415. Nyutro ikikatika kwa upepo au kwa kulegea, nyumba mbili zilizokuwa hazijuani hujikuta zimefungwa katika kamba moja, zikigawana zile 415 bila ya uadilifu. Mmoja hupata 120 na mwenziwe karibu 300. Alama yake ni hii: taa zako zimekuwa nyeupe mno kwa ghafla hali za jirani zimekuwa nyekundu, au kinyume chake. Ukiliona hilo, usingoje. Zima swichi kuu papo hapo, mpigie ukelele jirani naye azime, kisha piga simu ya dharura ya Kenya Power, nambari 97771, ikiwa mstari ni wao. Ukiwa ni wa kituo cha mji, mwendeeni msimamizi wake.

Kila chombo na maradhi yake

Vyombo havidhuriki kwa namna moja. Pasi, birika la umeme na jiko la koili ni vyombo vya kupasha moto tu. Stima ikishuka huchelewa kushika moto, na hapana madhara zaidi ya subira. Televisheni, chaja, redio na kompyuta huumia zaidi stima inapopanda, kwa kuwa vipande vyao vya ndani ni laini, navyo hupasuka.

Friji, friza na pampu ya maji ni jambo jingine. Hivi vina mota, na mota huteseka hata kwa stima iliyopungua. Inapokosa nguvu ya kuzunguka huvuta mkondo mwingi zaidi wa umeme, hunguruma bila ya kuzunguka, na waya zake za ndani huungua polepole. Ukisikia friji yako inanguruma, inakatika, kisha inanguruma tena, jua kwamba inaomba msaada. Ichomoe.

Saa mbaya kuliko zote ni ile stima inaporudi baada ya kukatika. Hurudi kwa kishindo, na ndani ya friji gesi bado imeshindiliwa upande mmoja. Mota ikilazimishwa kuanza wakati huo ni kama punda kuamrishwa apande mlima hali mzigo haujatuliwa. Kwa hivyo kanuni ni nyepesi: stima ikikatika, chomoa friji na televisheni, uache taa moja tu iwe shahidi. Taa hiyo ikiwaka na kutulia kwa dakika tano, ndipo uichomeke friji. Kanuni hii haigharimu hata senti, na mtoto wa miaka kumi na miwili aweza kukabidhiwa.

Kinga za kununua, na mipaka yake

Madukani kuna vifaa vya namna tatu, na wauzaji huvichanganya. Cha kwanza ni kinga ya friji, ambayo wengi huiita friji gadi. Kazi yake ni ya bawabu: volti zikishuka au kupanda kupita kiasi hufunga mlango, na stima ikirudi hungoja dakika chache kabla ya kufungua. Haisahihishi stima, huizuia tu. Kwa nyumba yenye friji moja na stima ya wastani, yatosha.

Cha pili ni stebilaiza. Hii huisahihisha stima yenyewe, ikiipandisha inaposhuka na kuishusha inapopanda. Ndiyo iwafaayo wale ambao stima yao huwa dhaifu kila jioni, maana bawabu kwao atafunga mlango usiku kucha na maziwa yataharibika. Lakini ichaguliwe kwa kipimo. Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kiasi chake cha kawaida, basi friji iliyoandikwa wati 150 isipewe stebilaiza ya VA 200. Ipewe iliyo kubwa mara kadhaa, na muuzaji aulizwe kabla ya kulipwa.

Cha tatu ni ekstensheni yenye kinga ya msukumo wa ghafla. Hii huyakata mapigo mafupi makali, nayo yafaa kwa televisheni na kompyuta. Haiwezi kuponya stima dhaifu. Wala hapana kifaa cha dukani kinachoizuia radi iliyopiga karibu. Misimu ya mvua inapoingia, ile ambayo ndugu zetu Wasomali huiita gu na deyr, ukisikia ngurumo chomoa plagi, na chomoa pia waya wa dishi au wa antena, kwa kuwa radi haibishi hodi mlango wa mbele peke yake.

Mkono uliolowa na kamba ya nguo

Tumezungumzia vyombo, na chombo hununuliwa kingine. Roho hainunuliwi. Hapa twaomba akina mama watusikilize zaidi, kwani wao ndio walinzi wa nyumba mchana kutwa.

Mtu atokapo kutawadha huwa mikono na miguu imelowa, na aghalabu yu peku. Akiingia msalani kwake akanyoosha mkono kuwasha feni yenye swichi iliyovunjika, maji yale yale ya twahara yatakuwa daraja la umeme. Kausha mikono kwanza. Swichi iliyopasuka ibadilishwe leo, wala isifungwe kwa utepe wa plastiki ikangoja mwisho wa mwezi.

Nyumba za mabati zina hatari yake. Waya uliochubuka ukigusa bati, ukuta mzima huwa na stima. Na ikiwa kamba ya kuanikia nguo ni ya chuma na imefungwa kwenye bati hilo, mama akija na nguo mbichi mkononi hukutana na mauti akiwa katika kazi ya halali. Badilisha kamba hiyo kwa ya plastiki au ya katani, na mtu yeyote akisema amehisi ukuta, bomba au friji "inamtekenya", usimcheke. Zima swichi kuu na uite fundi.

Mtekenyo huo aghalabu hutokea kwa kukosa waya wa ardhi, ule wa kijani wenye mstari wa manjano. Kazi yake ni kuuteremsha ardhini umeme uliopotea njia kabla haujampitia mwanadamu. Katika nchi kavu kama ya Modogashe ardhi yenyewe haipitishi umeme vizuri, na chuma kilichopigwa juu juu hakifai kitu. Mwambie fundi akizamishe, na akipime baada ya kukizamisha. Muulize pia juu ya kile kikatio cha milliampia 30, ambacho hukata stima kwa kufumba na kufumbua pindi inapovuja. Saketi breka ya kawaida huilinda waya isiungue, bali kikatio hiki humlinda mtu.

Kisha hesabu. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, isiyozidi ampia 13. Katika volti 240, hiyo ni sawa na wati 3,120. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 katika ekstensheni moja ni wati 3,200, na hapo mpaka umekwisha kuvukwa kabla ya kuchomeka chaja za simu. Fyuzi ikiungua imefanya kazi yake. Anayeiondoa akatia kipande cha waya au msumari amemuua mlinzi kwa sababu alipiga kelele usiku mwizi alipoingia. Vile vile usiifunike ekstensheni kwa zulia, wala usiilaze simu inayochajiwa chini ya mto wa mtoto.

Lipo pia suala la nyaya zinazovushwa kutoka boma hili hadi lile, nyembamba, zikipita juu ya ua wa miba au chini ya mchanga ambapo mbuzi na watoto hukanyaga. Ujirani mwema ni ibada, lakini sheria yetu haimruhusu mtu kudhuru wala kudhuriwa. Anayetaka kumgawia jirani stima na aulize kwanza kama ana ruhusa ya mwenye mstari. Kuunganisha kwa wizi kunakatazwa na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, na kabla yake kulikatazwa na dini. Na fundi awe ni mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli. Mwombe akuonyeshe, wala hilo si utovu wa adabu.

Wenye sola na wenye jenereta

Wengi katika nchi ile hawana mstari wowote. Wana paneli juu ya bati na betri chini ya kitanda. Hapo chini ya kitanda sipo mahali pake. Betri ya maji hutoa gesi inayoshika moto inapochajiwa, basi iwekwe penye hewa, mbali na jiko na taa ya moto, na mbali na mikono ya watoto. Joto nalo ni adui yake. Kadiri ya digrii 10 zinapozidi juu ya 25, umri wa betri ya aina hiyo hupungua karibu nusu. Itafutie kivuli kipoe, isikae katika chumba cha bati kinachochemka adhuhuri.

Betri hiyo ya volti 12 isikamuliwe mpaka mwisho. Ikipumzika ikasoma karibu volti 12.1, imebaki nusu, na hapo yafaa iachwe. Iongezewe maji maalumu ya betri, wala si ya kisima yenye chumvi. Tia fyuzi karibu na betri, kwa sababu volti 12 hazimtikisi mtu lakini zaweza kuuyeyusha waya na kuichoma nyumba. Paneli zipanguswe vumbi asubuhi kwa kitambaa laini, kabla hazijapata moto. Na anayenunua inveta kwa ajili ya friji aulizie ile itoayo mawimbi safi, kwani za bei ya chini huipasha mota joto na kuifupishia maisha.

Jenereta isiwashwe ndani ya nyumba, wala dukani, wala barazani karibu na dirisha. Moshi wake una hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Usiitie mafuta ingali moto. Na usithubutu kuichomeka katika soketi ya nyumba ili iwashe nyumba nzima: stima hiyo hurudi katika mstari wa mtaa, transfoma huizidisha maelfu ya volti, na fundi aliyeko juu ya nguzo akiamini kwamba mstari umekufa huanguka. Iko swichi ya kugeuzia kwa ajili ya kazi hiyo.

Maziwa ya mama na dawa ya baba

Biashara ya maziwa ya ngamia katika nchi ile imeshikwa na wanawake. Maziwa husafiri kutoka mabomani hadi mijini, na mengine kutoka Isiolo hadi Eastleigh, Nairobi. Mfikirie mama mjane mwenye friza moja, ambayo ndiyo karo ya watoto wake. Kwake yeye usiku mmoja wa stima iliyoyumba ni hasara ya juma zima, na friza iliyoungua ni mwisho wa biashara. Kwa ajili yake twasema: stebilaiza si anasa, ni sehemu ya mtaji. Vikundi vya akina mama wanaochangishana wakiinunua kwa zamu, watakuwa wamehifadhi riziki ya nyumba nyingi.

Stima ikikatika, mlango usifunguliwe kila mara kutazama. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, huweza kushika baridi hata siku mbili, na iliyojaa nusu siku moja. Friji ya kawaida haizidi saa nne, na katika joto kali hesabuni pungufu ya hapo. Palipo na nafasi jazeni kwa madebe ya maji yaliyoganda.

Mgonjwa wa sukari anayetumia insulini ahifadhi chupa ambayo haijafunguliwa katika baridi ya digrii 2 hadi 8, na asiigandishe kabisa. Ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka. Pasipo na stima, mitungi miwili ya udongo, mmoja ndani ya mwenziwe, katikati mchanga uliorowekwa maji na juu kitambaa kibichi, hupoza kwa kweli katika nchi ya hewa kavu. Hautafika ubaridi wa friji, lakini waweza kuiokoa dawa siku ya dhiki, na daktari aulizwe ni siku ngapi itafaa.

Likitokea la kutokea

Mtu akinaswa na stima usimshike, la sivyo mtakuwa wawili. Zima swichi kuu. Ikishindikana, simama juu ya ubao mkavu na umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Akiwa hapumui, anayejua aanze kumkandamiza kifua na wengine watafute gari. Hata akiamka akasema yu salama apelekwe hospitali, kwa kuwa moyo huweza kudhurika bila ya alama ya nje. Moto wa stima usimwagiwe maji: zima kwanza, kisha mchanga. Mchanga Modogashe haukosekani, basi ndoo moja ikae karibu na mlango wa jikoni daima.

Wapo watakaosema kwamba ajali ni kadari. Ni kweli, nasi twaiamini kadari. Lakini yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na amtegemee Mungu, aliamrishwa kwanza amfunge. Watu wa Modogashe wanajua kufunga ngamia kuliko sisi wa pwani. Fyuzi, waya wa ardhi na kamba ya plastiki ni katika kufunga huko.

Basi Ijumaa hii, baada ya chakula cha mchana, baba na mama wazunguke nyumba pamoja na watoto. Watazame swichi zilizopasuka, nyaya zilizochubuka, ekstensheni zilizolemewa na kamba ya nguo. Kila mtoto aonyeshwe swichi kuu ilipo na afundishwe namna ya kuizima. Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na watu wake, awazidishie riziki akina mama wa Modogashe na wenzao, na ajaalie nuru iingiayo majumbani mwetu iwe ya manufaa pasina madhara. Amin. Wabillahi tawfiq.